Duka la Watoto Lilikuwa Jalalani

Jumapili jioni, Mbagala, Dar es Salaam, uchochoro wa kupita bajaji moja. Mtoto wa miaka kama kumi amechuchumaa kizingitini, katikati ya magoti ana kipande cha sponji la godoro alichokikunja mara tatu. Anakiingiza kwenye wavu mwekundu wa vitunguu, anausokota mdomo, anaugeuza wa ndani uje nje, anausokota tena. Wenzake wanne wamemsimamia wanamharakisha. Mzee mmoja aliyekuwa anakokota baiskeli akasimama, akatazama, akacheka.

"Huo mpira gani sasa? Watoto wa siku hizi hamjui kitu. Rambo ziko wapi?"

Mtoto hakuinua hata macho. "Rambo ndo nini, babu?"

Ni wiki kadhaa sasa, na majibizano hayo yamegoma kunitoka kichwani.

Mwanzoni yalikuwa kichekesho tu. Baadaye yakaanza kukera, kwa sababu kila anayeandika kuhusu utoto wa mjini anaandika kama yule mzee: kombolela, rede, chandimu, gari la waya, kisha kilio kwamba simu imeua kila kitu. Majina yanatajwa, hakuna anayesema vitu vyenyewe vilitengenezwaje. Na ukianza kusema vilitengenezwaje, kile kilio kinaanza kuyumba.

Mpira

Mpira mzuri wa chandimu, soka ya uchochoroni, una kiini, ujazo na kamba. Kila kimoja kina kazi yake na kina namna yake ya kuharibika.

Kiini ndicho kinachoamua mpira utadunda au utadondoka puu. Soksi iliyokunjwa inatosha kwa rede, maana mpira wa rede unarushwa kwa mkono na haufai kuumiza. Kwa chandimu kinahitajika kitu chenye kurudi: sponji, au puto. Wengine walitia kondomu iliyopulizwa, zile za bure za zahanati, na mpira wa namna hiyo ulikuwa unadunda kuliko yote mtaani mpaka siku mama mtu alipoamua kuufungua aone kuna nini.

Ujazo ulikuwa rambo, ile mifuko myepesi ya nailoni ya dukani. Kiini kinaingia kwenye mfuko wa kwanza, hewa inakamuliwa kwa goti, mdomo unasokotwa, halafu mfuko uliobaki unageuzwa kurudi juu ya mpira ufunike fundo. Unazungusha mpira robo, unavisha mfuko wa pili. Hiyo robo ndiyo siri yenyewe. Mafundo yote yakikaa upande mmoja, mpira unaota kisigino, na ukipigwa chini unakwenda kombo. Mpira wa ukubwa wa danzi ulimeza mifuko 15 hadi 20. Ukitaka wa ukubwa wa nazi, unapunguza gharama kwa kujaza matambara katikati, lakini matambara yanakunywa maji. Mvua ikinyesha ule mpira unakuwa jiwe, na anayeupiga kichwa anajuta.

Nailoni hainywi maji, na inashika hewa kidogo katika kila mkunjo. Ndiyo maana ilipendwa.

Kamba ndiyo kazi ya fundi. Unaanza na msalaba, mizunguko miwili inayokatana juu na chini, halafu unaongeza duara baada ya duara, vidole viwili kutoka moja hadi nyingine, na kila zinapokutana unapiga fundo. Wavivu hupitisha tu bila kufunga. Kamba inayosuguana na ardhi lazima ikatike, na kama haikufungwa kwenye makutano, uzi mmoja ukikatika mpira mzima unafunguka katikati ya mechi. Katani inashika fundo vizuri ila inachubua vidole vya miguu. Ya nailoni ni laini lakini fundo lake linateleza, kwa hiyo linafungwa mara mbili na ncha inaunguzwa kwa kiberiti. Bora kuliko zote ni tyubu ya baiskeli, iliyokatwa kwa mkasi kwa kuizunguka, upana wa kidole, itoke utepe mmoja mrefu usio na kiungo. Inazungushwa ikiwa imevutwa. Ikilegea wakati wa kuzungusha, hakuna faida.

Rambo nazo zilikuwa na umri wao

Hapa ndipo hoja ya yule mzee ilipoanza kunichanganya.

Marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Mtoto wa miaka kumi leo hana kumbukumbu ya rambo ikiruka barabarani kwa upepo wa kaskazi. Hakuna alichosahau. Hakukuwa na cha kukumbuka.

Lakini rambo nazo hazikuwa za mababu. Zilijaa mjini baada ya biashara ya nje kulegezwa kuanzia 1984, bidhaa ziliporudi madukani. Kabla ya hapo mtu alikwenda sokoni na kikapu cha ukili. Mpira ulijazwa matambara, na katika uhaba wa nguo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata tambara lilikuwa na kazi nyingine nyumbani. Kamba ilikuwa katani, na hilo halishangazi katika nchi iliyokuwa inaongoza duniani kwa mkonge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kagera, Rwanda na Uganda mpira ulisukwa kwa majani makavu ya mgomba, na pengine unasukwa mpaka leo, kwa sababu mgomba haujapigwa marufuku.

Kwa hiyo "mpira wa utotoni" anaoulilia mzee ulidumu miaka kama 30 na ushee. Ni kipindi cha aina moja ya takataka.

Wazo hili ndilo lililonikaa. Mchezo wa mtoto wa mjini hufuata kinachotupwa. Ukitaka kujua mji ulikuwa unakula nini, unavaa nini na unapanda gari gani mwaka fulani, tazama watoto wake walikuwa wanachezea nini.

Kishada nacho kilikuwa hivyohivyo. Chelewa mbili kutoka kwenye fagio la nyumbani, moja imesimama kama sentimita 45, nyingine imepindwa upinde juu yake, na juu yake ngozi ya rambo nyeusi. Gazeti lililobandikwa kwa ugali lilifanya kazi, lakini likipata umande limekwisha. Uzi wa kushikia unafungwa kwenye ule mti uliosimama, theluthi moja kutoka juu. Kikizunguka kama kichaa, ongeza mkia. Kikigoma kupanda, punguza. Mkia ulikuwa kitambaa mpaka kanda za kaseti zilipoanza kufa. Kanda ya dakika 60 ina utepe wa karibu mita 90, na ile ukiifunga mkia wa kishada inavuma. Wengine waliunyoosha utepe kati ya nguzo mbili za uchochoroni, upepo ukipita mtaa mzima unasikia. Kwa watoto wengi wa mwishoni mwa miaka ya 1990, hiyo ndiyo kazi ya mwisho ambayo kanda zilifanya.

Gari

Kama mpira ni kazi ya subira, gari la waya ni kazi ya vipimo.

Chesisi ni waya mnene wa chuma, milimita 3 hivi, uliopindwa mstatili wa sentimita 30 kwa 15. Kuunga kunafanywa kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, unaookotwa kwenye kila nyumba inayojengwa. Kiungo kinazungushwa mara nne au tano, kinasokotwa kwa plaizi, ncha inalazwa. Ncha isiyolazwa itamchana mtu mguu kabla ya magharibi.

Ekseli ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Ya mbele haigusi kitu isipokuwa usukani, na hapo ndipo magari mengi ya kwanza yanapokufa. Waya mrefu wa usukani, karibu mita moja ili mwenye gari asiiname, unashuka kwa mshazari, unapita kwenye pete mbili, moja kwenye paa na moja chini ya boneti, halafu ncha yake inafungwa katikati ya ekseli ya mbele. Ukizungusha juu, ekseli nzima inageuka. Pete ikibana, usukani haugeuki, unapinda tu. Pete ikiwa pana mno, matairi ya mbele yanatembea kilevi. Kipimo ni waya upite bila kulazimishwa na usicheze. Kisha pima nafasi: matairi yakikata kona yote yasiguse chesisi. Yakigusa, refusha ekseli au punguza upana wa mbele. Ndiyo maana magari mengi ya waya yana pua nyembamba. Si urembo.

Matairi ni ndala. Unaweka mfuniko wa kopo juu ya ndala iliyokatika, unachora, unakata kwa wembe. Tundu la katikati usilitoboe kwa msumari baridi, maana litapanuka siku ya kwanza na tairi litaanza kulalia upande. Pasha msumari moto, toboa, ukingo wa tundu utayeyuka na kukakamaa. Nje ya tairi weka kipande kidogo cha plastiki ngumu kabla ya kupinda ncha ya ekseli, vinginevyo waya utaitafuna ndala. Kwenye mitaa ya mchanga tairi moja nyembamba linazama. Dawa yake ni ileile ya malori: nyuma weka mawili mawili.

Yeboyebo zilipoingia, mafundi walilalamika. Ni nyepesi na zina matundu, nyingine ni plastiki ngumu isiyoshika wembe. Ndala ya kawaida imebaki juu.

Na gari gani? Hapo ndipo mji unapojiandika. Kuna waliotengeneza lori la Scania lenye tela. Waliofuata wakatengeneza daladala: DCM, kisha Hiace, zile vipanya, halafu Coaster. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam, wapo watoto wanaotengeneza lile refu la mita 18 lenye kiungo katikati, kwa maboksi na waya. Kiungo hicho ni mtihani. Boksi la mbele na la nyuma yakikaa karibu mno, pembe zinagongana basi likikata kona. Yakiachana sana, la nyuma linayumba. Pini lazima iwe katikati kabisa ya ule mwanya, na lile pazia la mikunjo linatengenezwa kwa karatasi ngumu iliyokunjwa mara nyingi, iliyogundishwa upande wa mbele tu, upande wa nyuma ukiachwa uteleze. Mtoto aliyegundisha pande zote mbili atalipasua kwenye kona ya kwanza.

Anayeweza kufikiria hilo peke yake, mwambie tena kwamba hajui kitu.

Ukitoka Dar

Safari inaonyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu takataka hazifanani.

Vijijini kwenye mahindi gari linajengwa kwa mabua: ganda linakuwa fito, nyama nyeupe ya ndani inakuwa kiungo, unachomeka tu. Gari la mabua ni jepesi na zuri kutazama, halimalizi wiki.

Pwani ya Unguja watoto wana ngalawa ndogo zenye mirengu, zile mbao za pembeni, na tanga, wanazikimbiza kwenye maji ya magotini maji yanapojaa. Tanga la nailoni lilikuwa bora, kwa sababu halilowi na kuinamisha mlingoti. Kitambaa kikilowa, chombo kinalala upande. Mirengu iliyochongwa kwa ndala inaelea bila shida. Watu wazima wa Lamu walilichukua wazo la namna hiyo wakalifanya kubwa: mwaka 2018 ilishushwa majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililotengenezwa kwa plastiki iliyosindikwa upya na kuvishwa vipande vya kandambili karibu 30,000 zilizookotwa, na mapema 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Ulimwengu ulishangaa. Mtoto yeyote wa pwani angewaambia kandambili inaelea.

Goma, mashariki ya Kongo, ndiko mchezo na kazi vinapokosa mpaka. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayosukumwa kwa mguu mmoja kama vile vigari vya mbao vya watoto wa huku, na magurudumu yake yamevishwa utepe wa tairi kuukuu ili yasipasuke kwenye mawe ya volkano. Watu wazima wanabeba mamia ya kilo za viazi, mkaa na kuni, wakiiachia mteremkoni kuelekea mjini. Imejengewa hadi sanamu. Watoto wana zao ndogo, na anayejifunza kuikunja kona leo kesho anaajiriwa nayo.

Sijui nifurahie au nisifurahie hapo.

Shaka

Maana kuna jambo ambalo sifa hizi zote zinalikwepa. Ni rahisi kuuita "ubunifu" ufukara wa mtoto wa mwingine. Magari ya waya yanauzwa kwa watalii, yamepangwa rafuni, yamepakwa rangi. Mtoto aliyetengeneza lake angelibadilisha na la dukani lenye betri bila kufikiri mara mbili, na asingekuwa na kosa.

Tena jalala halikuwa mahali pa heri. Kizibo cha soda kilichopondwa bapa kwa jiwe, kikatobolewa matundu mawili katikati na kupitishwa uzi, kilivuma vizuri sana kikivutwa. Kina meno 21 kabla ya kupondwa, na yakishalazwa ukingo wake ni wembe. Matundu yasipokuwa sawasawa katikati, kizibo kinatetema mpaka kikate uzi, na kikikata uzi kinaruka usoni. Betri kuukuu zilipasuliwa ili kupata ile kaa ya kuandikia ukutani, na ule unga mweusi ukabaki mikononi mpaka saa ya kula. Hakuna anayeyataja haya kwenye orodha za "zamani raha".

Ila shaka kubwa ni nyingine, na ilichukua muda kujitokeza. Nilikuwa naamini marufuku ya 2019 ndiyo iliyobadilisha mambo. Kisha nikawa natazama wale wanaopita mitaani alfajiri na magunia.

Chupa ya plastiki sasa inauzwa kwa kilo. Waya ni chuma chakavu. Kopo ni chuma chakavu, spoku ni chuma chakavu, na kwenye kona nyingi za Mbagala, Tandika au Manzese kuna mzani umening'inia. Mita mbili za waya ambazo zamani zilikuwa nusu ya gari, leo ni pesa ndogo, lakini ni pesa, na mtoto anazijua hesabu zake. Simu haikumnyang'anya gari la waya. Waya ulipata bei.

Jalala limepata wenyewe. Sheria ya mifuko iliondoa kitu kimoja. Mzani wa chuma chakavu umeondoa robo tatu ya duka.

Kwa hiyo ukitaka kujua vitu vya kuchezea vya leo vinatoka wapi, angalia vile ambavyo mwenye mzani anavikataa. Anakataa ndala iliyokatika. Anakataa sponji. Anakataa wavu wa vitunguu na boksi lililolowa. Anakataa mifuko mbadala, hii ya kitambaa cha plastiki inayotakiwa iwe na gramu 70 kwa mita ya mraba, ambayo kwenye mpira haitelezi kati ya tabaka na tabaka, na hiyo ni faida yake, ila ikipigwa jua na mvua kwa zamu inachanika kufuata vile vidoti vyake na kumwaga nyuzi.

Na anakataa CD. Hizi zimejaa kila nyumba na hakuna wa kuzicheza. Kipenyo chake ni sentimita 12, kwa hiyo ni tairi kubwa kuliko ndala yoyote, ila tundu la katikati lina milimita 15, linaogelea kwenye waya. Watoto wanaoziweza huchukua vifuniko viwili vya chupa ya maji, wanaviyeyusha kidogo kwenye mshumaa, wanavibandika kimoja kila upande wa tundu, halafu wanapitisha msumari wa moto katikati ya vyote viwili kwa pamoja. Vikitobolewa kimoja kimoja matundu hayalingani na tairi linayumba. Kwenye mchanga CD inakata na kuzama, haifai kabisa. Kwenye pevingi au sakafu ya saruji inakwenda kasi, na ukitaka isiteleze, vuta utepe mwembamba wa tyubu kuzunguka ukingo wake, kama tyubu yenyewe bado hujaiuza.